Ng'ombe Hazeeki Maini, Lakini Miguu Huzeeka

Kila mwaka ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, inapoingia katika hatua ya mtoano, hujitokeza timu moja ambayo nyota wake wamevuka miaka 33, magoti yao yamefungwa barafu kila baada ya mchezo, na mashabiki wake wanaapa kwamba safari hii watamwangusha mbabe anayetamba ligi nzima. Wapinzani wao huwacheka na kuwashauri wazee waende wakapumzike. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba timu iliyozeeka inaweza kumshinda mbabe, na historia inatupa mifano isiyo na ubishi. Ninachokikataa ni sababu inayotolewa kila mara, kwamba wazee hushinda kwa uzoefu. Utu uzima dawa, sawa, lakini katika mchezo ambao mtu anatakiwa kukimbia kwenda na kurudi kwa dakika 48, dawa hiyo haitibu miguu. Timu ya wazee hushinda pale inapoanza kuitunza miguu hiyo miezi minane kabla ya fainali, inapowakabidhi vijana wachache kazi zinazochosha zaidi, na pale nyota wake wanapokubali kuwa wadogo kuliko majina yao.

Laiti uzoefu pekee ungetosha, Brooklyn Nets wangekuwa mabingwa wa mwaka 2014. Mwaka 2013 klabu hiyo iliwachukua Kevin Garnett na Paul Pierce kutoka Boston Celtics, ikawaunganisha na Joe Johnson na Deron Williams, na ukocha ikampa Jason Kidd, ambaye alikuwa amestaafu kucheza miezi michache tu iliyotangulia. Katika msimu wa kawaida Nets waliwafunga mabingwa watetezi, Miami Heat, mara zote nne walizokutana, na magazeti ya New York yakawa na la kuandika. Mei ilipofika timu hizo zikakutana katika nusu fainali ya Kanda ya Mashariki, na Heat wakashinda michezo minne kwa mmoja. Kwa ajili ya jaribio hilo Nets walikuwa wamewapa Celtics haki zao za kuchagua wachezaji chipukizi katika raundi ya kwanza ya miaka ya 2014, 2016 na 2018, pamoja na haki ya kubadilishana nafasi mwaka 2017, na ni kwa njia hiyo Boston iliwapata Jaylen Brown na Jayson Tatum, waliokuja kuipa ubingwa mwaka 2024. Pierce mwenyewe aliondoka Brooklyn baada ya msimu mmoja.

Mwaka mmoja kabla ya hapo Los Angeles Lakers walikuwa wamefanya jambo linalofanana na hilo. Walimleta Steve Nash akiwa na miaka 38 ili ashirikiane na Kobe Bryant mwenye miaka 34, na msimu ulipoanza kwenda kombo, Bryant akalazimika kucheza karibu kila dakika ya michezo ya mwisho ili timu ipate kufuzu. Tarehe 12 Aprili 2013, katika mchezo dhidi ya Golden State Warriors, ukano wa kisigino chake ukakatika. Alirudi kwenye mstari, akapiga mitupo yake miwili huru, akaingiza yote miwili, kisha akatoka uwanjani akichechemea. Tukio lile hutajwa kuwa ushahidi wa ushujaa, na kweli lilikuwa la kishujaa, ila mimi huliona pia kuwa matokeo ya dakika zilizotumiwa vibaya. Lakers waliingia hatua ya mtoano bila yeye na wakafungwa michezo minne kwa sifuri na timu nyingine ya wazee, San Antonio Spurs.

Hao Spurs ndio wanaonifanya niandike. Mwaka ule wa 2013 walifika fainali wakakutana na Heat ya LeBron James, Dwyane Wade na Chris Bosh, na usiku wa tarehe 18 Juni walikuwa wamebakiza sekunde 28 tu wawe mabingwa. Walikuwa mbele kwa pointi tano, walikuwa wakiongoza fainali kwa michezo mitatu kwa miwili, na wahudumu wa uwanja wa Miami walikwisha kuleta kamba za njano kando ya uwanja kwa ajili ya sherehe ya kukabidhi kombe. James akapiga mtupo wa mbali akakosa, mpira ukamrudia, akapiga tena akaingiza. Kawhi Leonard, kijana wa Spurs, akapewa mitupo miwili huru akaingiza mmoja. James akakosa tena, Bosh akaudaka mpira uliodunda kwenye pete na kumpasia Ray Allen, ambaye alikuwa akirudi kinyumenyume kuelekea kona ya kulia bila kuitazama miguu yake, na Allen akaingiza pointi tatu za kusawazisha zikiwa zimesalia sekunde 5.2. Heat walishinda katika muda wa nyongeza, 103 kwa 100.

Wengi hukumbuka mtupo wa Allen na kusahau jambo lenye uzito zaidi kwa swali letu. Usiku ule Tim Duncan, aliyekuwa na miaka 37, alifunga pointi 25 katika nusu ya kwanza, akaongeza tano katika robo ya tatu, kisha hakufunga hata pointi moja katika robo ya nne wala katika muda wa nyongeza. Manu Ginobili, mwenye miaka 35, alipoteza mpira mara nane. Siku mbili baadaye, katika mchezo wa saba, Spurs wakiwa nyuma kwa pointi mbili na ikiwa imesalia chini ya dakika moja, Duncan alimpita Shane Battier chini ya kikapu, akapiga mtupo ambao kwa kawaida angeuingiza akiwa amefumba macho, akakosa, akaurukia tena na kuugusa, akakosa tena. Alipokuwa akirudi kujilinda aliinama na kuipiga sakafu kwa viganja vyote viwili. Mtu huyo alikuwa na mataji manne ya ubingwa, kwa hiyo asitokee wa kuniambia kwamba uzoefu ulimpungukia. Kilichompungukia ni nguvu za dakika za mwisho.

Gregg Popovich, kocha wao, alikuwa amelitambua tatizo hilo mapema kuliko makocha wenzake. Machi 2012, katika karatasi rasmi ya takwimu za mchezo dhidi ya Philadelphia 76ers, mahali ambapo huandikwa sababu ya mchezaji kutocheza, mbele ya jina la Duncan iliandikwa kwamba hakucheza kwa kuwa ni mzee. Ulikuwa utani, lakini ulikuwa utani wenye sera ndani yake. Novemba mwaka huohuo Popovich aliwarudisha nyumbani kwa ndege Duncan, Ginobili, Tony Parker na Danny Green siku ambayo Spurs walikuwa wacheze Miami na mchezo ulikuwa ukirushwa kwenye televisheni nchi nzima. Kamishna wa ligi wakati huo, David Stern, aliwaomba radhi mashabiki na kuitoza klabu faini ya dola 250,000. Mtu aliyelipa kiingilio ili amwone Duncan alikuwa na haki ya kukasirika, na sina neno la kumtetea Popovich mbele yake. Hata hivyo, wale wa akiba walioachwa nyuma walifungwa kwa pointi tano tu, na nadhani huo ndio usiku ambao kocha alipata uhakika kwamba benchi lake linaweza kubebeshwa mzigo.

Msimu uliofuata maumivu ya 2013 sera hiyo ikawa ya kila siku. Hakuna mchezaji hata mmoja wa Spurs aliyefikisha wastani wa dakika 30 kwa mchezo katika msimu wa kawaida wa 2013/14, si Parker, si Duncan, wala Leonard aliyekuwa na miaka 22 tu, na pamoja na hayo walishinda michezo 62 kati ya 82, ambayo hakuna timu nyingine iliyoifikia mwaka ule. Katika timu nyingi nyota hupima heshima yake kwa dakika anazocheza, kwa hiyo kocha anayezipunguza hujitafutia ugomvi. San Antonio ugomvi huo haukutokea kwa sababu mkubwa wao alikuwa ameshatangulia kujishusha. Mkataba wa Duncan ulipokwisha mwaka 2012, alitoka kwenye mshahara wa zaidi ya dola milioni 21 kwa mwaka akakubali wa takriban milioni 10, na kiasi alichokiacha kikasaidia kuwalipa wale waliokuja kumpumzisha. Ginobili, aliyeiongoza Argentina kutwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2004, alikuwa akianzia benchi kwa miaka mingi bila kulalamika. Nyota wakubwa wakifanya hivyo, mchezaji wa tisa wa timu atathubutuje kununa?

Jambo la pili ambalo Spurs walilifanya ni kuuacha mpira ukimbie badala ya watu. Parker alikuwa akiingia kwa kasi hadi katikati ya eneo la kikapu, mabeki wawili wakimfuata, naye anautoa kwa Boris Diaw aliyesimama hatua chache kutoka kwenye mstari wa mitupo huru. Diaw hakuwa na haraka wala hakuwa na mwili wa mwanariadha, na miaka miwili kabla aliachwa na Charlotte Bobcats, timu iliyokuwa ya mwisho ligi nzima. Alikuwa akiushika mpira kwa mkono mmoja, akisubiri beki wa tatu apige hatua moja tu kumwelekea, ndipo anaurusha kona, na yule wa kona, hata kama ana nafasi ya kupiga, anampasia mwenzake aliye huru zaidi. Mlinzi mwenye miguu ya James anaweza kumfikia mtu yeyote uwanjani, lakini hakuna binadamu anayeifikia pasi ya nne. Mchezo wa aina hiyo humwezesha mtu wa miaka 38 kushambulia kwa dakika sita mfululizo bila kuhema, huku anayekaba akibaki hoi.

Kabla ya fainali ya 2014 iliwabidi kwanza waivuke Oklahoma City Thunder, timu ya vijana akina Kevin Durant, Russell Westbrook na Serge Ibaka wa Kongo Brazzaville, ambayo kwenye orodha yake alikuwamo pia Hasheem Thabeet wetu wa Dar es Salaam, ingawa nafasi ya kucheza aliipata kwa nadra. Ibaka alipokosekana kwa majeraha Spurs walishinda michezo miwili kwa urahisi, na aliporudi wakapoteza miwili, jambo lililoonyesha jinsi kijana mmoja mwenye kuruka anavyoweza kuwavuruga wazee. Walimaliza kazi katika mchezo wa sita, ndani ya muda wa nyongeza, na safari hii Duncan ndiye aliyefunga pointi saba kati ya zile za nyongeza. Ulinganishe muda huo wa nyongeza na ule wa mwaka uliotangulia, utaona faida ya dakika zilizowekwa akiba tangu Novemba.

Fainali yenyewe ikawa ya upande mmoja kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Spurs walishinda michezo minne kwa mmoja, na tofauti ya pointi kwa michezo yote mitano ikafika 70, ambayo ni wastani wa pointi 14 kwa mchezo, na hadi wakati ule ilikuwa haijawahi kuonekana katika fainali nyingine ya ligi hiyo. Mchezo wa tatu, uliochezwa Miami, kwetu Afrika Mashariki ulianza saa kumi alfajiri ya Jumatano, na aliyechelewa kuamka alikuta mambo yamekwisha: pointi 41 katika robo ya kwanza, 71 hadi mapumziko, mitupo 25 imeingia kati ya 33 iliyopigwa. Popovich alikuwa amemtoa Tiago Splitter kwenye kikosi cha kwanza na kumwingiza Diaw, ili kila aliyeko uwanjani awe na uwezo wa kupasi. Leonard, ambaye katika michezo miwili ya kwanza alifunga pointi tisa tisa, usiku huo alifunga 29, kisha 20, kisha 22, na ndiye aliyekuwa akimkaba James muda mwingi. Alichaguliwa mchezaji bora wa fainali akiwa hajatimiza miaka 23. Kwa hiyo anayesema kwamba wazee wa San Antonio walimwangusha mbabe anasema kweli nusu, kwa kuwa kazi ngumu kuliko zote, ile ya kumfuata James kila aendako, haikufanywa na mzee.

Watetezi wa Heat wana hoja zao na baadhi yake nazikubali. Katika mchezo wa kwanza viyoyozi vya uwanja wa San Antonio viliharibika, joto likazidi, na James akakazwa na misuli kiasi cha kutolewa nje zikiwa zimebaki dakika chache. Heat walikuwa wakicheza fainali ya nne mfululizo. Wade, kwa sababu ya magoti, alicheza michezo 54 tu kati ya 82 msimu ule, Allen alikuwa akikaribia miaka 39 na Battier alikuwa na 35. Nikizipanga hoja hizo pamoja naona kwamba zinausaidia upande wangu kuliko wanavyodhani wanaozitoa, maana zinaonyesha kwamba mbabe naye alikuwa amezeeka, ila ushindi ulimzuia kujiuliza ana umri gani. Spurs waliujua uzee wao kwa sababu walikuwa wameshafungwa. Miami walikuwa wamebeba vikombe viwili mfululizo na hawakuona haja ya kubadilisha chochote.

Dallas Mavericks wa mwaka 2011 waliishinda Heat hiyohiyo kwa njia nyingine. Wao hawakuwa na Leonard. Jason Kidd alikuwa na miaka 38, Jason Terry na Shawn Marion 33 kila mmoja, na Dirk Nowitzki alibakiza siku chache tu kufikisha umri huo. Walichokuwa nacho ni senta mwenye miaka 28, Tyson Chandler, aliyelinda kikapu ili wenzake wasilazimike kumkimbiza kila mtu, pamoja na ulinzi wa kukaba eneo ambao uliwawezesha Kidd na Terry kusimama mahali pao badala ya kushindana mbio na Wade. Katika mchezo wa pili walikuwa nyuma kwa 88 kwa 73, zikiwa zimebaki dakika saba na Wade akishangilia mbele ya benchi lao, wakafunga pointi 22 dhidi ya tano na kushinda 95 kwa 93, huku Nowitzki akimalizia kwa mkono wa kushoto ambao kidole chake cha kati kilikuwa kimechanika ukano. Mchezo wa nne aliucheza akiwa na homa, na katika mchezo huo James alifunga pointi nane tu. Huko kupotea kwa James ni sehemu ya maelezo, na nisingependa kuificha: mbabe aliwasaidia. Lakini alisaidia kwa sababu alikuta njia zote za kuelekea kikapuni zimejaa watu, akaanza kusitasita.

Kwa upande mwingine, Boston Celtics wa mwaka 2012 walifika karibu kabisa na kushindwa kwao kunafundisha mengi. Garnett alikuwa na miaka 36, Allen alikuwa bado upande wao akikaribia 37, na Pierce 34. Waliongoza fainali ya Kanda ya Mashariki kwa michezo mitatu kwa miwili dhidi ya Heat, na mchezo wa sita ulikuwa nyumbani kwao. James akaja na pointi 45, na mchezo wa saba ukaenda Miami vilevile. Celtics walikuwa na kijana mmoja hodari, Rajon Rondo, lakini kwenye mchezo wa pili wa mfululizo ule Rondo alifunga pointi 44 kwa kucheza dakika zote 53, pamoja na za nyongeza, na bado walipoteza. Timu ambayo kijana wake pekee hapati hata dakika moja ya kupumua tayari iko kwenye deni, na deni lile lililipwa katika mchezo wa sita na wa saba.

Mfano unaonisumbua ni Celtics wa mwaka 1969, kwa sababu hautii kanuni yangu yote. Bill Russell, mwenye miaka 35, alikuwa mchezaji na kocha kwa wakati mmoja, na alicheza zaidi ya dakika 40 kwa mchezo msimu mzima. Timu yake ilimaliza ya nne Mashariki, ilhali Lakers walikuwa na Wilt Chamberlain, Jerry West na Elgin Baylor kwa pamoja. Mchezo wa saba ulifanyika Los Angeles, na mwenye Lakers, Jack Kent Cooke, alikwisha kuagiza maputo yafungwe darini ili yaachiwe timu yake itakaposhinda. Boston walishinda 108 kwa 106. Mtupo uliowaokoa ulipigwa na Don Nelson, mchezaji ambaye Lakers wenyewe walimwacha miaka minne kabla, na mpira ule uligonga pete, ukaruka juu, kisha ukatumbukia. West alifunga pointi 42 na akapewa tuzo ya mchezaji bora wa fainali akiwa upande wa walioshindwa. Ninachoweza kusema ni kwamba hata pale mbio zilifanywa na John Havlicek mwenye miaka 29, na kwamba bahati ilikuwa na sehemu yake kwenye pete ile.

Kinachoziunganisha Boston ya 1969, Dallas na San Antonio ni kwamba hakuna iliyorudia. Russell alistaafu, na msimu uliofuata Celtics walishinda michezo 34 na kupoteza 48. Spurs walitolewa na Los Angeles Clippers katika raundi ya kwanza ya mwaka 2015, kwa mchezo wa saba ulioisha kwa tofauti ya pointi mbili. Wazee humwangusha mbabe mara moja, kisha dirisha hufungwa, na uongozi wa klabu unapaswa kulijua hilo kabla ya kupanga bajeti. Ndiyo maana mpaka leo sikubaliani na uamuzi wa Dallas wa kumwacha Chandler aende New York Knicks miezi michache baada ya ubingwa, kwa hoja ya kutunza fedha za usajili wa baadaye. Nowitzki hakuwa na baadaye ndefu ya kusubiriwa. Chandler alichaguliwa mlinzi bora wa ligi katika msimu wake wa kwanza New York, na Mavericks, wakiwa na wazee walewale na bila mtu wa kuwalindia kikapu, walifungwa na Thunder michezo minne kwa sifuri katika raundi ya kwanza.